Ankara Yako Imeingia?

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Garissa akienda kwenye ofisi aliyoiuzia saruji, swali lake la kwanza haliwi "Nitalipwa lini?" Huuliza, "Ankara yangu imeingia?" (Ankara ni neno la vitabuni; mtaani tunasema invoisi.) Akiambiwa imeingia, anatulia hata kama pesa zitachukua miezi mitatu. Akiambiwa bado, anavuta kiti na kuketi. Anajua kuwa deni ambalo halijaingia kwenye daftari la mdaiwa ni la mdomo tu, na la mdomo hukanwa.

Kazi yangu imekuwa hiyo ya kuingiza. Nimeketi miaka na mafungu ya ankara, nyingine zimechapwa vizuri Nairobi, nyingine zimeandikwa kwa kalamu kwenye kile kitabu chenye karatasi ya kaboni, nikizihamisha moja moja hadi kwenye QuickBooks, Sage ama Tally: jina la muuzaji, PIN yake ya KRA, nambari ya ankara, tarehe, bidhaa, VAT ya asilimia 16, jumla. Ni kazi ya kuumiza shingo na haimpi mtu sifa yoyote. Siku hizi inafanywa na akili unde. Unaipiga picha karatasi kwa simu, ama unamwambia muuzaji aitume kwa barua pepe, na programu inaisoma, inaweka kila tarakimu mahali pake, inapendekeza akaunti ya gharama, inalinganisha na LPO, halafu inakuwekea rasimu uidhinishe. Fungu lililokuwa linanimaliza wiki nzima linaisha kabla ya adhuhuri. Sina sababu ya kuulilia uchovu ule.

Lakini nikiwa hapa, mashariki ya mto Tana, siwezi kuiona programu hii kama kifaa cha ofisi tu, sawa na feni ama mashine ya fotokopi. Huku kwetu watu wameishi zaidi ya miaka 100 na swali la nani ameingia kwenye daftari la nani, na kwa jina gani. Historia hiyo huelezwa kwa bunduki na barabara mbovu. Mimi naijua zaidi kwa upande wa karani.

Hata maneno ya kazi yenyewe yana safari zao. Karani na hundi yalitufikia kutoka upande wa Bara Hindi. Hesabu na daftari yalikuja na Waarabu na Waajemi. Hawala ni Kiarabu cha kuhamisha. Yaani biashara ya pwani na bara ilikuwa na vitabu vyake kabla Mwingereza hajaleta leja zake za jalada gumu. Na Mwitaliano Luca Pacioli, ambaye wanafunzi wa uhasibu hufundishwa kumheshimu kwa kitabu chake cha 1494 kilichochapishwa Venice, hakudai kuwa amebuni chochote. Alieleza tu jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyokuwa tayari wanaandika kila jambo mara mbili, upande wa kutoa na upande wa kupokea.

Hapa bara, mbali na pwani, hesabu ilikaa penginepo. Ngamia alipigwa chapa ya ukoo wake, ambayo Wasomali huiita sumad, na chapa hiyo ilitosha kumrudisha kwa mwenyewe hata akipotea mwendo wa siku nyingi. Mfanyabiashara mgeni alikuwa na abbaan, mwenyeji aliyemdhamini, na aliyemdhulumu mgeni alikuwa amemdhulumu mwenyeji. Katika masoko ya mifugo ya Wasomali dalali na mnunuzi wameafikiana bei kwa kushikana vidole chini ya kitambaa, mtu wa tatu asione. Ukitazama kwa haraka utasema hakuna rekodi. Rekodi ilikuwepo, ila ilikuwa vichwani mwa mashahidi, na mtu aliyeona amekosewa alijua aende kugonga mlango upi.

Serikali ilipokuja ilileta daftari la aina nyingine. Sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni iliwezesha eneo kufungwa, mtu asiingie wala asitoke bila kibali, na ndiyo iliyotumika kuifunga NFD, ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Sheria nyingine ya 1934 iliwapa maafisa nguvu za kukamata na kuzuilia watu ambao kwingine Kenya wangehitaji kufikishwa mahakamani. Uhuru ulipatikana Desemba 12, 1963, na Desemba 28 hali ya hatari ikatangazwa huku. Vita vya shifta vilituliwa na makubaliano ya Arusha mwaka 1967, lakini sheria za hatari zilibaki hadi mwaka 1991. Ndiyo maana mpaka leo utamsikia mzee wa hapa akiulizwa anaenda wapi, na yeye anaenda Nairobi, anajibu, "Naenda Kenya."

Katika miaka hiyo yote karatasi ilikuwa na uwezo kuliko mtu aliyeishika. Novemba 1989 serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wasajiliwe na kuchujwa upya, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi waibebe pamoja na kitambulisho cha kawaida. Raia wengine hawakuhitaji kadi mbili. Mtu alipanga foleni kuthibitisha kuwa yeye ni yule yule aliyekuwa jana.

Nayarukia mengi, msomaji, kwa sababu nataka kufika kwenye fedha. Pesa za huku kwa muda mrefu zilipita kwa hawala. Unatoa shilingi Garissa, jamaa yako anapokea Mogadishu ama Minneapolis, na kati yenu kuna maajenti wawili wanaodaiana na kulipana baadaye. Kitabu cha ajenti kina jina, simu na kiasi. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, Benki Kuu ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha. Zilirudishwa baada ya miezi michache. Lakini katika miezi hiyo familia ambazo hazikuhusika na lolote zilikosa pesa ya kodi na ya karo kwa sababu daftari lilifungwa juu yao. Mji ulikuwa umezika watoto wa watu kutoka kila pembe ya Kenya, na mji huo huo ukaadhibiwa kupitia vitabu vya hesabu.

Upande wa pili kulikuwa na kaunti, iliyozaliwa mwaka 2013. Kwa mara ya kwanza fedha za maana zilikuwa zinaamuliwa Garissa, na kwa mara ya kwanza mfanyabiashara wa hapa aliweza kuiuzia serikali bila kupanda basi la usiku. Kaunti zote 47 hulipa kupitia IFMIS, mfumo wa kompyuta wa Hazina ya Kitaifa, na neno jipya likaingia mdomoni mwa mji: sistimu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipopitia madeni ya kaunti zote yaliyokuwepo hadi Juni 30, 2018, alipata madai ya takriban shilingi bilioni 89, na katika hayo ni kama bilioni 51 tu yaliyokuwa na stakabadhi za kutosha kulipwa. Bilioni 38 nyingine hazikuwa na karatasi kamili. Humo ndani wamo walaghai waliodai kazi ambazo hazikufanywa, hilo sibishi. Wamo pia watu walioleta dawati, dizeli na maji, wakapewa hati ya kupokea mali isiyo na muhuri, na afisa aliyeipokea akahamishwa.

Kisha KRA ikaleta eTIMS. Kwa Sheria ya Fedha ya 2023, kuanzia Januari 1, 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki haikubaliki kupunguza kodi ya mwenye biashara. Hapo ofisi zote, kubwa na ndogo, zikaanza kuzikataa zile karatasi za kalamu. Na hapo hapo, kwa kuwa ankara sasa ni data tangu mwanzo, wauzaji wa programu wakapata mlango: mbona uingize kwa mkono?

Teknolojia yenyewe si changa kama watu wanavyodhani. Mitandao ya neva, ambayo ndiyo mama wa akili unde ya leo, ilipata mojawapo ya ajira zake za kwanza za kweli kwenye kazi ya karani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Yann LeCun na wenzake katika maabara za Bell huko Marekani waliifundisha kompyuta kusoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono kwenye bahasha za posta. Katikati ya miaka ya 1990 mashine za namna hiyo zikawa zinasoma kiasi cha pesa kwenye hundi za benki, na kwa makadirio ya watengenezaji wenyewe zilifikia kati ya asilimia 10 na 20 ya hundi zote za nchi ile. Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba mashine ya sasa haihitaji kuambiwa jumla iko kona gani ya karatasi. Inaitazama karatasi nzima na kukisia, na mara nyingi inakisia sawa. Kila sehemu inaipa alama ya uhakika wake. Ikiwa chini ya kiwango ulichoweka, inakuita uitazame.

Shida ninayoiona Garissa haiko kwenye tarakimu. Iko kwenye majina.

Kisomali kilipata maandishi rasmi ya Kilatini Oktoba 21, 1972, katika Jamhuri ya Somalia, kwa mpango uliotokana na kazi ya Shire Jama Ahmed. Kwa maandishi hayo herufi c ni ile 'ayn ya Kiarabu na x ni ile ha nzito. Basi Abdi huandikwa Cabdi, Ali ni Cali, Hassan ni Xasan, Mohamed ni Maxamed. Makarani wa Kenya waliendelea na tahajia za Kiingereza, kila mmoja na yake, kwa hiyo utapata Mohamed, Mohammed, Mahamed na Muhumed, wote wakiwa ndugu wa tumbo moja. Ongeza kwamba jina la Msomali ni lake, la baba yake na la babu yake, na kwamba majina yenyewe si mengi. Mohamed Abdi Hassan na Abdi Mohamed Hassan wanaweza kuwa watu wawili wasiojuana, wanaweza kuwa binamu, na wanaweza kuwa mtu mmoja aliyeandikwa na makarani wawili. Watu wenyewe waliutatua mtego huu zamani kwa majina ya utani: mrefu, mfupi, mwenye pengo. Jina la utani haliandikwi kwenye ankara.

Programu ya ankara ina kazi moja ambayo wakaguzi wanaipenda sana, nayo ni kukamata nakala. Ikiona muuzaji yule yule, tarehe ile ile na kiasi kile kile, inasema ankara hii imeletwa mara mbili na kuiweka kando. Kazi hiyo huokoa pesa kweli. Kudai mara mbili ni wizi wa kizamani kabisa.

Wakati wa ukame ule wa misimu mitano mfululizo, mwaka 2020 hadi 2023, ofisi nyingi zilikodi malori ya maji, yale tunayoyaita boza. Ankara ya boza ni ya tripu: tripu ngapi, lita ngapi, kijiji gani. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliniita kusuluhisha hesabu zake. Nilikuta mzee anayekuja kila Jumatatu. Yeye na binamu yake walikuwa na boza moja moja, majina yao matatu yakifanana isipokuwa herufi moja, na mwezi ule wote wawili walipeleka tripu sawa kwa bei sawa. Ankara zote mbili ziliandikwa siku moja, na hakuna aliyekuwa ameweka PIN yake juu. Moja iliingia. Nyingine iliwekwa kwenye kapu la nakala, na hakuna mtu aliyekuwa na kazi ya kufungua kapu lile.

"Adeer, sistimu imekataa," kijana wa mapokezi alimwambia mbele yangu.

"Basi niitie huyo sistimu atoke nje," mzee akasema. "Niongee naye mwenyewe."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amenunua dizeli kwa mkopo.

Ushahidi ulikuwa nyuma ya ankara, kwenye zile hati za kupokea maji zinazotiwa sahihi na kamati ya kijiji. Wazee wa kamati walikuwa wameweka dole gumba kwa wino wa bluu. Programu ilikuwa imezisoma hati hizo na mahali pa dole gumba ikaandika "haisomeki." Binadamu akizishika anaona mara moja kuwa ni vijiji viwili, vidole tofauti, hata udongo uliokauka kwenye pembe za karatasi ni wa rangi mbili. Ilinichukua kama robo saa. Mzee alikuwa amekuja Jumatatu saba.

Ningelitaja hilo kama kisa cha ofisini tu, likaisha, kama kazi ya kukamata nakala isingekuwa na historia nyingine katika kaunti hii hii. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, na katika njaa za miaka ile na tena mwaka 2011, Wakenya wa vijiji vya jirani waliingia kambini kutafuta chakula. Wazazi waliwaandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wapate kadi ya mgao. Watoto wakakua. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho cha Kenya, wakaweka vidole kwenye mashine, na mashine ikajibu: huyu ni mkimbizi. Huo ndio usajili wa mara mbili. Makadirio yanayotajwa sana ni watu 40,000 hivi. Bila kitambulisho mtu huyo hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti ya benki wala kupata PIN ya KRA. Kwa maneno ya kazi yangu, hawezi kuwa muuzaji kwenye sistimu yoyote. Wapo wafanyabiashara hodari wa hapa wanaouza kwa jina la dada ama shemeji, na jina hilo la kuazima ndilo akili unde inalosoma kwa uhakika wa asilimia 99.

Mashine ya vidole haikusema uongo. Vidole vilikuwa ni vile vile. Ilichokosa ni sababu: kwamba mama alikuwa na mtoto mwenye njaa na mahali pa chakula palikuwa pamoja tu. Sababu haina nafasi yake kwenye fomu. Na kwa miaka mingi afisa aliyekuwa na uwezo wa kuisikiliza alijificha nyuma ya kioo cha kompyuta, sawasawa na kijana yule wa mapokezi, tofauti ni kwamba huku kilichokuwa kwenye kapu ni uraia. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia sahihi agizo la kuondoa uchujaji wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa mpakani wanapoomba vitambulisho. Ilikuwa hatua kubwa. Rekodi mbili zinazogongana hazifutwi na agizo, lazima mtu akae azifungue moja moja.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Sijawahi kukutana na muuzaji wa Garissa anayekijua kifungu hicho, wala na ofisi iliyokibandika mlangoni. Sasa mwenye ofisi akiniuliza kama anunue programu ya kuingiza ankara, namwambia anunue, kisha namwuliza nani atafungua kapu la nakala, siku gani, na kama mtu huyo anaongea Kisomali. Wengine huona maswali hayo hayana uhusiano na bei niliyoombwa kulinganisha. Nawaambia pia waache nafasi ya jina la baba na la babu, wasilinganishe kwa jina bali kwa PIN ama nambari ya simu, na wapige picha upande wa nyuma wa hati. Ni ushauri wa kawaida na hauna utaalamu mkubwa ndani yake.

Kuna jambo jipya zaidi linalonifanya niende mara kwa mara kwenye soko la mifugo, mojawapo ya makubwa katika Afrika Mashariki. Tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria ya kodi inaruhusu mnunuzi kuandika ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo, yule ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5. Yaani mchungaji aliyeleta mbuzi kutoka upande wa Balambala hatahitaji kujua eTIMS ni nini; mwenye bucha ama kampuni ya Nairobi itamwandika kutoka kwa simu, na programu itaisoma na kuiingiza. Ni nafuu kwake. Pia ni mara ya kwanza, kadiri ninavyofahamu desturi za soko lile, kwa mwenye mali kuandikiwa ankara yake na anayemlipa.

Nilimwuliza dalali mmoja angeandika jina gani kwa mtu aliyemletea mbuzi asubuhi ile. Akanipa jina la utani, "mwenye mguu." Nikamwambia nataka la kitambulisho. Alifikiri kidogo, akamwita kijana wake, kijana naye hakulijua. "Kwani unamtaka?" dalali akaniuliza. "Yuko pale chini ya mti. Nenda mwulize mwenyewe."